Kadi yake inamwita Bwana: nimpokeeje hotelini Bangkok bila kumvunjia heshima?

Swali

"Shikamoo mama. Nina duka la nguo Makoroboi, na mara mbili kwa mwaka naenda Bangkok kuchukua mzigo soko la Pratunam. Kule nina mwenzangu, Mthai, ana miaka 34. Ni mwanamke, ila alizaliwa wa kiume, na kitambulisho chake hadi leo kinamwita Bwana. Safari iliyopita nilimleta hotelini saa nne usiku. Binti wa mapokezi akadai kadi, akaisoma kwa sauti, akamwita mwenzake aje aone, kisha wakaniambia nilipe ada ya mgeni na kadi ibaki kaunta. Kwenye makochi walikuwa wamekaa Watanzania wawili ninaofahamiana nao. Nikageuka, nikajifanya nasoma simu kana kwamba simjui. Akachukua kadi yake akaondoka. Tumeshapatana, na narudi huko mwezi ujao. Nifanye nini asidhalilike tena, na mimi nisiwe gumzo hapa mjini? Halafu ametamani tukutane Dubai safari moja, na siku moja aje alione Ziwa. Nisaidie mama, sina mwingine wa kumuuliza."

Jibu

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu kabla ya kushika kalamu. Nilikaa nyuma ya kaunta ya hoteli hapa Mwanza miaka 19 kabla sijaanza kazi ya kuwapangia watu safari, kwa hiyo nitakujibu kama mtu aliyekuwa upande ule wa kaunta, yule anayepokea kadi.

Nianze na jambo ambalo hukuniuliza. Yule binti alikosea, tena sana. Lakini sidhani kilichomwondoa mwenzako ni sauti ya binti. Sauti za namna hiyo kazisikia tangu utotoni. Kilichomwondoa ni kwamba aligeuka kukutafuta, akakuta uso wako uko kwenye simu.

Lugha yetu ina neno stara, na watu wengi wanadhani maana yake ni kuficha. Mambo haya ni mawili tofauti. Unapomsitiri mtu, macho yako yako kwake: asianikwe mbele ya watu, asiitwe kwa jina lisilo lake, asiulizwe asichotaka kuulizwa. Unapoficha, macho yako yako kwako mwenyewe. Usiku ule ulikuwa unaficha. Yote nitakayokueleza hapa chini ni namna ya kutoka kwenye kuficha uingie kwenye stara, na habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika kabla hujapanda ndege.

Kwanza elewa kwa nini kadi inadaiwa, ili usigombane na lisilostahili ugomvi. Hoteli za Thailand zinatakiwa kuandikisha wanaolala, na mgeni wa nje ya nchi kama wewe anaripotiwa uhamiaji ndani ya saa 24. Mtu anayeingia usiku na mgeni wa chumba, naye hayumo kwenye orodha, huombwa kitambulisho. Wanaangalia umri, kwa kuwa hoteli itakayopatikana imemruhusu mtu wa chini ya miaka 18 kupanda chumbani iko matatani. Wanaangalia usalama wako pia. Kadi hubaki kaunta, na huyo mtu akishuka peke yake alfajiri, mapokezi hupiga simu chumbani kukuuliza kama uko salama na kama hakuna kilichopotea, ndipo wanamrudishia. Kuhusu ile ada, hoteli nyingi hutoza mtu wa ziada, na baadhi hazitozi kabisa. Utaratibu huu unamkuta Mthai yeyote anayepanda na mgeni usiku, mwanamke kwa mwanaume. Haukuwekwa kwa ajili ya mwenzako.

Kosa la binti lilikuwa kuisoma kadi kwa sauti na kuita mashahidi. Hapo ndipo kadi inapokuwa kisu. Kitambulisho cha Thailand kina jina kwa Kithai na kwa herufi za Kizungu, na kabla ya jina kuna cheo. Mwanaume ni Nai, yaani Bwana. Mwanamke ni Nang Sao, au Nang akiolewa na akapenda kuitumia. Mtu aliyebadili jinsia anaruhusiwa kwenda ofisi ya wilaya akabadilisha jina lake la kwanza likawa la kike, na wengi wamefanya hivyo. Cheo ndicho sheria haimruhusu kukigusa. Muswada wa kuliruhusu jambo hilo ulifikishwa bungeni kwao ukakataliwa mwaka 2024. Kwa hiyo inawezekana kabisa kadi ya mwenzako ikawa na jina zuri la kike, picha ya mwanamke mwenye nywele ndefu, na mbele yake Nai. Kila benki, kila hospitali, kila kaunta anakofika, kadi inasema kabla yeye hajafungua mdomo.

Zamani ilikuwa mbaya zaidi. Vijana wa Thailand waliozaliwa wa kiume huitwa kwenye kura ya jeshi wakifika miaka 21, na wale waliokuwa wakiishi kama wanawake walikuwa wakirudishwa na cheti kilichoandikwa kwamba wana ugonjwa wa akili wa kudumu. Karatasi hiyo ndiyo waliyoionyesha walipoomba kazi. Mahakama ya utawala iliagiza maneno hayo yaondolewe, ikiwa mwaka 2011. Piga hesabu ya umri wa mwenzako: alifika miaka 21 wakati huohuo. Sijui kilichoandikwa kwenye cheti chake, na wewe usimuulize mpaka aseme mwenyewe, lakini ukimwona mkono unasita anapofungua pochi mbele ya kaunta, usidhani ana wasiwasi wa bure.

Watu wa huku tunaamini Thailand hakuna shida kwa watu kama yeye, kwa sababu tunawaona wengi madukani, kwenye saluni na kwenye televisheni yao. Ni kweli wanaonekana zaidi, na sheria imewasogelea: tangu 2015 kuna sheria ya usawa wa jinsia inayokataza kumbagua mtu kwa sababu mwonekano wake hauendani na jinsia aliyozaliwa nayo, na tangu tarehe 23 Januari 2025 watu wawili wazima wanaweza kufunga ndoa ya kisheria kule bila kujali jinsia. Yaani nchi inakubali mwenzako aolewe, na bado kadi yake inamwita Bwana. Mambo hayo mawili yapo pamoja, na hoteli ndipo mahali yanapogongana.

Sasa tuje kwenye safari yako.

Usimlete tena kama mgeni wa usiku. Andikisha chumba cha watu wawili tangu mwanzo, majina mawili, kifungua kinywa cha watu wawili, funguo mbili. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko unavyofikiri, na hoteli nyingi hazitozi zaidi kwa mtu wa pili aliyeandikishwa mapema. Mtu ambaye jina lake limo kwenye orodha anaonyesha kadi mara moja kama wewe unavyoonyesha pasipoti, wanachukua nakala, wanamrudishia hapohapo, basi. Hakuna kadi kubaki kaunta, hakuna simu ya alfajiri. Kwa hatua hii moja umeondoa zaidi ya nusu ya aibu ya usiku ule, na hujamwelezea mtu yeyote habari zake.

Kabla ya kulipa, iandikie hoteli barua pepe fupi. Usiipigie simu, kwa sababu maandishi yanabaki na zamu ya usiku itayasoma. Waambie: tutakuwa watu wazima wawili, mwenzangu ni raia wa Thailand, atafika siku fulani saa fulani, naomba awe mgeni kamili wa chumba mwenye ufunguo wake, na mnijulishe kama kuna ada yoyote ili niilipe pamoja na chumba. Majibu yao yatakuonyesha hoteli ni ya namna gani. Wakijibu kwa moyo mweupe, nenda. Wakianza kuuliza mwenzako ni nani kwako, au wakisema wageni wa Kithai hawapandi vyumbani, achana nao, Bangkok ina hoteli nyingi. Ichapishe ile barua nzuri utembee nayo.

Je, uwaambie kwamba amebadili jinsia? Hapa ndipo wenye nia njema wanapoharibu. Habari hiyo ni yake, si yako. Muulize. Kuna wanaopenda hoteli ijulishwe mapema, sentensi moja tu: cheo kilichoko kwenye kadi yake hakilingani na anavyoishi, tafadhali mwiteni Khun fulani. Kuna wengine ambao sentensi hiyohiyo ni msumari, wanaona umewatangaza kabla hawajafika. Akisema usiandike, usiandike. Akisema ataipigia hoteli mwenyewe kwa Kithai, hiyo ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu atasikia kwenye sauti ya yule anayejibu mambo ambayo mimi na wewe hatutayasikia kamwe.

Hilo neno Khun lishike vizuri. Wathai wanalitumia kumheshimu mtu mbele ya jina lake la kwanza, na halina ume wala uke. Ukimwita Khun na jina lake mbele ya mpokeaji, mpokeaji atalidaka na kulirudia, na yule Nai wa kwenye kadi atakosa pa kukaa. Mpokeaji husikiliza mwenyeji anavyomwita mgeni wake. Mimi nilikuwa nafanya hivyo kila siku: akija mzee na kijana wa kiume, nasubiri nisikie kama atasema "mwanangu" au "dereva", ndipo nami najua nimwiteje.

Kuna mtego mwingine ambao sisi Waswahili tunaingia bila kujua. Lugha yetu ina yeye mmoja, wa mume na mke. Anakuja, analala, amechoka: husikii jinsia. Ndiyo maana tukiongea Kiingereza 'he' na 'she' zinatuponyoka, hata mtu anamwita mama yake mzazi 'he' na hapa nyumbani hakuna anayeshtuka. Kule, mbele ya kaunta, ukimtaja mwenzako kwa 'he', hakuna atakayejua kuwa ni ulimi wa Kiswahili umeteleza. Mpokeaji atadhani umesema unachokiamini, na mwenzako naye atabaki anajiuliza. Dawa ni kutumia jina lake. Sema jina mara tatu katika sentensi tatu, haidhuru. Na ukiteleza, rekebisha kwa neno moja uendelee, usianze kuomba radhi ndefu mbele za watu.

Kuhusu majina mengine: kuna neno la Kithai la watu kama yeye, kathoey, na kuna lile la Kiingereza la kwenye vibao vya baa. Wapo wanaojiita hivyo wenyewe kwa kujivunia, na wapo wanaoumia wakiyasikia. Wewe usimwite kwa lolote kati ya hayo mpaka akuambie, na ya kwetu ya kutusi, tunayoyajua wote, yasitoke kinywani mwako hata ukiwa na wenzako mnapakia mizigo. Mwite mwanamke. Ndivyo ulivyomwita kwenye barua yako, na ulikuwa sahihi.

Siku ya kufika, ingieni mchana. Zamu ya mchana ina wakubwa, ina watu wengi, na mtu anayeingia saa tisa alasiri na sanduku lake anaonekana msafiri. Ingieni pamoja, mkifuatana bega kwa bega. Niamini kwa hili, maana nimeliona mara nyingi kupita kiasi: mwanaume anatangulia hatua tano, mwanamke anabaki karibu na mlango kama aliyekuja na teksi nyingine. Mpokeaji akiona hivyo ameshamwekea yule mwanamke bei kichwani mwake, na atamtendea kwa bei hiyo. Simama naye kaunta. Toa pasipoti yako uiweke. Yeye atatoa kadi yake mwenyewe, kwa mkono wake. Usimchukulie ili "umsaidie", na inapokuwa juu ya kaunta usiiinamie kuisoma. Wathai wana jina la utani la nyumbani wanalotumia maisha yote, na jina la kwenye kadi unaweza kuwa hulijui kabisa. Acha alitoe akitaka.

Kama kuna ada, iwe imeshalipwa. Kama wameibua ada mpya, lipa, uje uulize baadaye ukiwa peke yako. Najua wewe ni mfanyabiashara na ulimi wako umezoea kupunguza bei, lakini ukisimama pale ukibishana ada ya mtu wa pili ishuke, na mtu mwenyewe amesimama ubavuni pako, anasikia unambishania yeye.

Na ikitokea tena? Mpokeaji akasoma kadi kwa sauti, akacheka? Usipaze sauti. Kule anayefoka hadharani ndiye anayepoteza, hata akiwa na haki. Sogea, simama kati yake na macho ya watu, sema kwa upole kwamba mnamhitaji meneja na kwamba mngependa kumalizia mkiwa mmekaa pembeni. Toa ile barua. Kisha mgeukie mwenzako umuulize: tubaki au tuondoke? Akisema tuondoke, mnaondoka pamoja, na pesa iliyopotea imepotea. Ile sheria ya 2015 inampa njia ya kulalamika mbele ya kamati, lakini kwenda au kutokwenda ni uamuzi wake. Usimpeleke vitani kwa sababu wewe una hasira ya kulipia kosa la safari iliyopita.

Nikusimulie kilichonitokea hapahapa Mwanza, nikiwa na miaka michache tu kazini, kwenye hoteli ambayo sitaitaja. Walikuja wageni wawili wa Ulaya, mke na mume, wakielekea Serengeti kupitia lango la Ndabaka. Mume akaweka pasipoti mbili. Mwenzangu wa zamu akafungua ya mke, akaona herufi ya kiume, akaangalia picha, akamwangalia mama wa watu, akaanza kutabasamu. Kisha akaigeuza ile pasipoti kwangu na kidole kimeshikilia palepale. Yule mama alikuwa na kofia ya majani mkononi. Hakusema kitu. Alianza kuizungusha ile kofia kwa ukingo wake, polepole, mzunguko baada ya mzunguko, macho yake yakiwa kwenye ziwa nyuma ya dirisha. Mumewe akaweka kiganja chake juu ya kaunta, karibu na pasipoti, akasema kwa Kiswahili cha kujifunza kitabuni: "Mke wangu amechoka. Tunaomba chumba." Hakuongeza neno. Nikaweka fomu ya wageni juu ya pasipoti, nikaandika namba iliyohitajika, nikaifunga, nikampa yule mama mkononi mwake, nikamwambia chumba chenu kiko upande wa ziwa. Kofia ikasimama.

Mwenzangu nilimwambia baadaye maneno ambayo bado nayaamini: siri ya mtungi aijuaye kata, nasi ndio kata; kata ikianza kusimulia, nani atachota maji? Lakini ninachokukumbusha ni yule mume. Maneno yake yalikuwa matano, na sisi wote pale kaunta tukajua namna ya kusimama.

Chagua hoteli kwa akili. Pratunam na maeneo ya Nana ndiko wanakolala wafanyabiashara wetu, na unajua ukumbi wa hoteli zile ulivyo: marobota, mizani ya mizigo, na mtu wa Kariakoo ana habari za mtu wa Mwanza kabla hajaoga. Lala vituo vitatu vinne vya treni ya juu kutoka hapo, Ari kwa mfano, au Sala Daeng, uende sokoni asubuhi urudi jioni. Sikwambii hivi ili umfiche. Nakwambia kwa sababu kwenye ukumbi wa wafanyabiashara hamtapata nafasi ya kunywa chai bila kuchunguzwa, na stara ni pamoja na kumchagulia mtu mahali anapoweza kukaa akapumua.

Fikiria pia kwamba huenda yeye ndiye anayehitaji stara zaidi yako. Mwanamke wa Kithai akionekana mara kwa mara kwenye hoteli na mgeni, mtaani wanamjengea kazi asiyoifanya. Ana ndugu, ana mahali pa kazi. Kwa hiyo picha zake zisiingie kwenye status yako wala kwenye kundi la wasafirishaji mizigo, hata ile ya mezani ambayo inaonekana mkono wake tu, mpaka umeuliza. Usimpeleke kwenye chakula na watu asiowajua kabla hujamwambia ni akina nani.

Sasa gumzo. Watu wa kwetu watamwona siku moja, Bangkok si kubwa kiasi hicho kwa Mswahili. Andaa neno lako mapema ili usirudi kwenye simu. Usimwite mkalimani wako, maana si kweli, na atakapoulizwa bei yake kwa siku mtaaibika wote wawili. Sema: "Huyu ni Khun fulani, mwenyeji wangu hapa." Mwenyeji ni neno la heshima kubwa kwetu, ni la kweli, na halidaiwi maelezo. Mswahili aliyelelewa hamchunguzi mwenyeji wa mwenzake. Asiyelelewa atachunguza, atasema, na baada ya wiki mbili mzigo wa mtu utakwama bandarini yataanza mengine. Mwambie pia mwenzako kabla kwamba ndivyo utakavyomtambulisha, na umweleze maana yake. Kama halimfai, tafuteni lingine pamoja.

Dubai, hapana. Nalisema bila kuzungusha kwa sababu najua Deira, ule mtaa wa biashara wa Dubai, unaijua na utadhani ni rahisi. Sheria za Falme za Kiarabu zimetumika kumwadhibu mtu ambaye hati zake zinasema ni mwanaume akionekana amevaa kike, na hati ya mwenzako ndivyo inavyosema. Mwaka 2017 Wasingapore wawili walikamatwa kwenye jengo la maduka Abu Dhabi kwa sababu ya mavazi na mwonekano wao, wakahukumiwa kifungo cha mwaka 1, na rufaa ndiyo iliyogeuza adhabu kuwa faini na kufukuzwa nchini. Hakuna mzigo wa nguo unaostahili hilo. Hata wewe ukipitia huko kubadili ndege, yeye asikufuate. Mkitaka kutoka Bangkok, pandeni treni ya usiku kwenda Chiang Mai, au nendeni Hua Hin pwani. Ataingia na kadi yake ya nyumbani, kwenye nchi ambayo angalau sheria moja iko upande wake.

Na Mwanza. Hapa kalamu imesimama muda mrefu, kwa sababu ningependa sana kumwona mtu huyu amesimama Capri Point jioni, jua likizama nyuma ya Jiwe la Bismarck, na wewe unamnunulia sato wa kuchoma. Lakini siwezi kukudanganya. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha kuingiliana kinyume na maumbile, tulichorithi kwa Waingereza na kukazwa mwaka 1998, kinaweka kifungo cha maisha, kisichopungua miaka 30, na kwa kuwa pasipoti yake inasema mwanaume, ninyi wawili chumba kimoja mtaangaliwa kwa jicho la kifungu hicho. Unakijua kitabu cha wageni cha gesti zetu: jina, kabila, kazi, atokako, aendako, sahihi. Kinakaa wazi juu ya meza, na yeyote anayekuja baada yenu anasoma mstari wenu. Askari wa doria naye anakisoma. Simu inaweza kupekuliwa, na picha na ujumbe vimo ndani. Kwa hali ilivyo leo, mimi kama mpangaji wa safari sitamkatia tiketi ya kuja kwako, na nakuomba usimkatie. Mtumie video ya ziwa, ya mitumbwi ikirudi Mwaloni asubuhi na dagaa. Mwambie ukweli kwa nini haji, usimsingizie viza wala biashara mbaya. Amezoea milango kufungwa, lakini ana haki ya kujua ni mlango upi na umefungwa na nani.

Wiki hii, kabla hujagusa tovuti ya hoteli, mwandikie maswali machache. Jina gani liandikwe kwenye chumba? Hoteli iambiwe chochote, na nani aiambie? Tuingie pamoja au wewe utangulie? Nikutambulishe vipi tukikutana na watu wa kwetu? Na kabla ya maswali hayo, mwombe radhi kwa ile simu. Najua mmepatana, lakini barua yako haisemi kama ulishawahi kulitaja lile tendo lenyewe, kwamba uligeuka. Litaje kwa jina lake.

Akishakujibu nitumie majibu yake, yale tu anayokubali niyaone, nami nitakuandikia ile barua ya hoteli kwa Kiingereza safi. Ukiweza, mtumie yeye rasimu kwanza kabla ya kuituma.